Kamera za Ulinzi na Ua wa Jirani

Tumeulizwa na wasomaji wetu kadha wa kadha, wa mijini hasa, juu ya kamera hizi za ulinzi ambazo leo zimeenea madukani na majumbani: je, kuzitia ni jambo jema, na zikitiwa zitiwe vipi? Jawabu la swali la kwanza ni jepesi. Mtu kuilinda nyumba yake na mali yake ni haki yake, na mwenye duka ambaye kila mwezi bidhaa humpungukia asijue zaenda wapi, hapana wa kumlaumu akitafuta jicho la kumsaidia. Swali la pili ndilo lenye maneno, na mafundi wengi hawaligusi, maana wao huulizwa bei tu.

Yafaa kwanza tujue chombo hiki kilivyoingia majumbani. Huko Queens, katika mji wa New York, alikuwako muuguzi mmoja mweusi, Marie Van Brittan Brown. Saa zake za kazi na za mumewe hazikulingana, mara nyingi alikuwa peke yake nyumbani, na polisi wa kwao walichelewa kufika waitwapo. Yeye na mumewe Albert, aliyekuwa fundi wa vyombo vya umeme, waliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1966, wakapewa tarehe 2 Desemba 1969. Katika mchoro wao mlango una matundu manne, moja juu ya jingine, ili mgeni mrefu na mfupi waonekane sawasawa; kamera hupanda na kushuka nyuma ya matundu hayo; picha hutokea katika kioo cha televisheni chumbani; tena mna chombo cha kusemeza na mgeni, na kidude cha kufungulia mlango kwa mbali. Twawaomba wasomaji walitazame jambo moja tu katika habari hii. Mama yule alitaka kumjua aliyesimama mlangoni kwake. Hakutaka kujua jirani yake anapika nini.

Wazee wetu wa pwani waliijua hofu ya wezi, na waliijua vilevile hofu ya macho. Zitazame nyumba kongwe za mawe za Lamu: mbele pana daka lenye mabaraza ya kukaa wageni, kisha njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, hata mpita njia akikuta mlango wazi haoni ila ukuta. Ujenzi huo umeshikana na ada yetu ya hodi. Mgeni hupiga hodi. Akijibiwa huingia, na asipojibiwa hurudi, kama tulivyoamrishwa katika Suratin Nur. Na katika Hadithi aliyoipokea Sahl bin Saad, iliyomo katika Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.). Mtume alimkemea kwa ukali mkubwa, akaeleza kwamba ruhusa ya kuingia imewekwa kwa sababu ya macho. Wanazuoni wa Kimaliki wa Afrika ya Kaskazini walifika mbali zaidi, wakajadili hata habari ya mwadhini ambaye akipanda mnarani huona ndani ya majumba ya watu. Na Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis wa karne ya 14, alitunga kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na dirisha linalotazama kwa jirani lina nafasi yake humo.

Basi ikiwa dirisha lina hukumu, vipi kamera iliyotundikwa juu ya ukuta, isiyolala, inayoona gizani, na inayoweka akiba ya kila ilichokiona?

Twajua nyumba ambazo wanawake wake wameacha kukaa uani jioni tangu kamera ya jirani ilipotiwa upande wao. Mwenye kamera hakukusudia ubaya. Fundi alitafuta pembe iliyo juu, ngazi yake ikaegemea hapo, kazi ikaisha. Lakini binti aliyekuwa akisukwa nywele uani bila ya mtandio, sasa hujifungia chumbani penye joto, na nguo za kuanikwa huanikwa usiku. Wenye nyumba huona haya kwenda kulalamika, kwa kuwa kulalamika ni kama kumwambia jirani kuwa ni mchunguliaji. Hivyo salamu hupungua, na hapana ajuaye sababu.

Wala wasituambie kuwa haya ni mambo ya kizamani ya Waislamu. Katika nchi ya Czech mtu mmoja alivunjiwa dirisha kwa manati mwaka 2007. Alikuwa ametia kamera chini ya upenu wa paa lake, nayo ilionyesha mlango wake, na njia ya watu wote, na mlango wa nyumba iliyomkabili. Picha zilisaidia kupatikana kwa washukiwa wawili; lakini mmoja wao alishtaki kwamba amepigwa picha kinyume cha sheria, na shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 11 Desemba 2014 mahakama iliamua kuwa kamera inayotazama njia ya umma si jambo la ndani ya nyumba tena, na mwenyewe huingia chini ya sheria ya kulinda habari za watu, ijapokuwa haja yake ya kujilinda nayo yapimwa. Hukumu hiyo haitufungi sisi, bali hoja yake yaeleweka. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, nayo huyaacha nje mambo ya mtu ya nyumbani kwake tu. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwenye duka basi asijidhani yu nyumbani kwake. Abandike tangazo mlangoni kuwa pana kamera, aielekeze kwenye sanduku la fedha, rafu na mlango wa ghala, wala asithubutu kuitia mahali pa kujaribia nguo.

Kwa nyumba ya kawaida kamera mbili au nne zatosha. Kamera ya mlangoni isipandishwe juu mno, maana ikitazama kutoka juu kabisa itakupa kofia za watu, si nyuso. Isielekezwe lilikochomoza jua wala linakochwea. Pwani kuna chumvi hewani, na viungio vya waya visipofungiwa katika kisanduku kisichopitisha maji huota kutu upesi. Umeme nao hukatika, na mwizi aujua wakati huo. Betri ya akiba si anasa.

Juu ya akiba ya picha watu wengi hudanganywa. Kamera moja inayotoa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne, katika diski ya terabaiti 2, zitadumu kama siku 23, kisha picha mpya hufuta za zamani. Nasi twaona hayo ni mengi ya kutosha nyumba. Anayetaka picha za mwaka mzima za mlango wake na tujue anatafuta nini.

Na neno la siri lililotoka na mashine kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 programu mbovu iitwayo Mirai iliziteka kamera na mashine za kurekodia nyingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Fundi naye asiondoke nalo katika simu yake, hata akiwa ni mtoto wa shangazi.

Picha ikimnasa mwizi ipelekwe polisi. Twachukizwa na hii desturi ya kuitupa WhatsApp, mtaa mzima ukamwona mtoto wa fulani akiruka ukuta kwa maembe matatu. Ataoa na kuzaa, na picha ile ingali ikizunguka.

Enyi vijana mlioshika kazi hii ya ufundi, kazi yenu ni nzuri na ina riziki. Twawaombeni jambo moja zaidi ya mnayolipwa. Kabla hamjakaza misumari ya mwisho, mwambieni mwenye nyumba amwite jirani yake, naye aje na mkewe, wakitazame kioo. Mashine nyingi zaweza kuifunika kwa weusi sehemu ya picha isiyotakiwa, lakini kugeuza kamera ni bora, maana weusi huondolewa kwa kidole. Jirani akiona kipande cha ua wake kimo, igeuzwe hapo hapo, fundi angali juu ya ngazi.