Nywele Si Ushahidi wa Mwenendo

Mama mmoja jirani yangu alinijia asubuhi moja, uso umemsawijika. Bintiye wa miaka 9 alikuwa ameanza kunuka kikwapa na kuota nywele za sehemu za siri. Kifua chake kilikuwa bado cha kitoto, wala hajavunja ungo. Shangazi wa mtoto alikwisha toa hukumu: msichana ameharibika; achapwe hata aseme kweli, kisha apelekwe kwa kungwi achezwe unyago.

Ndugu msomaji, mtoto huyo hakuwa na kosa lolote. Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtoto afikapo miaka 6 hadi 8 hivi, tezi hizo huanza kuongeza homoni za jamii ya androjeni. Wengi hudhani kuwa homoni hizo ni za wanaume tu, lakini kila mwanamke anazo. Ndizo zinazootesha nywele za kwapani na za siri, zikabadili harufu ya jasho, na kuleta mafuta na chunusi usoni.

Matiti na hedhi vina njia nyingine. Hivyo hungoja amri ya tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo huziamsha ovari zitoe estrojeni. Kila njia huanza kwa wakati wake, na moja yaweza kuitangulia nyingine. Kwa hiyo nywele hazithibitishi kwamba msichana amekuwa mtu mzima, sembuse kwamba amemjua mwanamume.

Hata hivyo, tusijisahau. Dalili hizo zikitokea kabla mtoto hajatimiza miaka 8, apelekwe hospitali, ingawa mara nyingi daktari hatakuta ubaya. Na kwa umri wowote, sauti ikiwa nzito, ndevu zikaota, kinembe kikakua kupita kiasi, au kimo kikapanda ghafla mno, wazazi wasichelewe. Huenda mtoto amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja, hata tezi zikashindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha. Hapo tezi ya chini ya ubongo huzihimiza zaidi, nazo hufurika androjeni. Ugonjwa huo hutibiwa kwa kumpa mtoto homoni ile iliyopungua. Mara chache sana, chanzo huwa ni uvimbe.

Nilimsihi jirani yangu aiweke fimbo chini, achukue maji na sabuni, amketishe bintiye amfunze kujisafisha, na amweleze kwa upole kwamba mwili wake unakua. Mtoto apigwaye kwa sababu ya mwili wake atauficha mwili huo siku atakapougua kweli. Nasi tulikwisha ambiwa na wazee: mficha uchi hazai.