Habbasoda ya Mgonjwa, Daktari Wake Aijue

Sisi wanawake tukisikia mwenzetu ana saratani, hatwendi kumtazama mikono mitupu. Huyu na habbasoda, yule na asali na tangawizi, mwengine unga wa mlonge: "Kunywa, upate nguvu." Ni mapenzi, na hatuyakatazi. Lakini tunasema asipewe kitu mpaka daktari wake ajue.

Uchovu wa saratani si ule wa kufua nguo. Mtu hulala usiku kucha, akaamka hoi. Pengine damu imepungua, pengine ni dawa anazotundikiwa, pengine hali akashiba. Damu iliyopungua ina matibabu yake. Tukimngojesha kwa kikombe cha majani, tunamchelewesha. Tena manjano na kitunguu thomu, hasa vya vidonge, vinaweza kuzidisha kutoka damu, na mitishamba mingine hugombana na dawa za saratani.

Hatusemi mitishamba haina kitu. Marekani, katika utafiti uliotolewa 2013, wagonjwa 364 waligawiwa: wengine jinsengi miligramu 2,000 kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 8, wa jinsengi walipata nafuu zaidi ya uchovu. Lakini ile ilipimwa, na madaktari walijua.

Kinachosaidia sana hakiuzwi dukani: kutembea kidogo kidogo kila siku, kwa kadiri anavyoweza. Basi tumpikie uji, tumfulie, tumshike mkono hadi barazani.

Mtume (SAW) ametuhimiza kutafuta tiba. Kumficha daktari si tawakkul.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.