Binti huzaliwa na mayai yake yote

Tuseme nyanya yako aliishi Majengo, naye mwaka 1970 alikuwa mja mzito. Siku zilipotimia, akatembea hadi Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyo papo hapo mtaani tangu 1926, akajifungua binti. Binti huyo ndiye mama yako. Basi siku hiyo nawe kwa kiasi fulani ulikuwako. Yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa limekwisha kuumbwa tumboni mwa nyanya, likakaa ndani ya ovari za kichanga kile.

Wengi wetu tulitoka shuleni tukiamini kwamba mwanamke hutengeneza yai jipya kila mwezi. La hasha. Anayetengeneza upya ni mwanamume, ambaye hutoa mbegu kila siku tangu abalehe hadi uzeeni. Mwanamke hupewa akiba yake mara moja tu, kabla hajazaliwa.

Mimba ya mtoto wa kike inapofika miezi mitano, ovari zake huwa na mayai kama milioni 6 au 7. Siku ya kuzaliwa yamebaki milioni 1 au 2. Anapovunja ungo ni kama 300,000 hadi 400,000, na katika hayo yatakayokomaa na kutoka hayazidi sana 400. Mengine hufa kimya kimya, bila maumivu wala dalili.

Kila yai hukaa ndani ya kijifuko chake, likiwa kama limelala. Lilianza kugawanya kromosomu zake 46, zile nyuzi zinazobeba urithi, kabla ya binti kuzaliwa, kisha likasimama katikati ya kazi. Laweza kusubiri miaka 12, laweza kusubiri 45. Kijifuko kinapoamka huchukua karibu mwaka mzima kukua. Mama aonaye hedhi leo ana vijifuko vilivyoanza safari tangu mwaka jana.

Mwanzoni mwa mwezi wa hedhi, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma homoni ya kuvikuza vijifuko vilivyo tayari. Kadhaa hushindana. Kimoja huvitangulia vingine, navyo hunyauka. Mshindi huyo hufikia upana wa milimita 20 hivi, ilhali yai lililomo ni sehemu moja ya kumi ya milimita, kama nukta ya kalamu iliyochongwa vizuri. Kisha homoni ya pili hupanda ghafla. Yai likaamka, likatupa nje nusu ya kromosomu zake, na baada ya saa kama 36 kijifuko hupasuka.

Likishatoka halina muda. Huishi saa 24 au pungufu, ingawa mbegu ya mwanamume yaweza kulingoja kwenye mrija wa uzazi hata siku 5. Na hata hapo halijakomaa kabisa! Mgawanyiko wa mwisho humalizika mbegu inapoingia, si kabla.

Nayaeleza haya kwa kuwa dada zetu wengi huuziwa unga na mizizi ya "kuongeza mayai". Hakuna unga uongezao akiba hiyo, na hata daktari haiongezi. Wengine hukataa tembe za kupanga uzazi wakidhani huyamaliza mayai. Tembe huzuia yai kutoka tu. Akiba huendelea kupungua vilevile, uzimeze usizimeze. Sigara ndiyo adui wa kweli, maana mvutaji hukoma hedhi mwaka mmoja au miwili mapema. Umri nao una deni lake: yai la mama wa miaka 40 limengoja miaka 40, na mara nyingi hukosea katika kugawanya kromosomu. Ndiyo sababu mimba za umri huo huharibika zaidi.

Bwana unayesoma huku ukijifanya unatafuta kurasa za michezo, hili lakuhusu. Mke anayeona hedhi kwa mpango kila mwezi, kwa kawaida mayai yake yanakomaa. Kabla hujamwita tasa mbele ya mama yako, kapime mbegu zako, kwani kipimo hicho ni rahisi kuliko vyote atakavyofanyiwa yeye. Na huenda kilichoziba ni mirija, kwa ugonjwa wa zinaa ambao haukutibiwa, na labda wewe ndiwe uliyeuleta nyumbani.

Mirija ikiziba, yai laweza kuchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye ovari na kukutanishwa na mbegu nje ya mwili. Louise Brown alizaliwa kwa njia hiyo Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na hapa Kenya watoto wa kwanza walipatikana 2006. Sindano anazodungwa mama hukomaza mayai kumi au zaidi kwa mara moja, na wapo wanaohofia kwamba akiba yao itakwisha haraka. Mayai hayo ni yale yale ambayo mwezi huo yangeshindwa na kunyauka.