Kumwachia Mgonjwa Aende Siyo Kumwua



Wapendwa waamini, Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu wetu, na bahasha za nia za Misa zimeanza kujaa majina. Leo tungependa kusema juu ya wale ambao majina yao hayajaingia katika bahasha hizo: wagonjwa walio katika siku zao za mwisho, huku sisi tuliosimama pembeni ya kitanda tukibishana. Tutasema kwa ukali kidogo, mtatuvumilia.

Ni mara ngapi tumeitwa hospitalini usiku, tukamkuta mzee wa miaka zaidi ya themanini, saratani imekwisha kuenea mwilini, figo hazifanyi kazi, anapumua kwa mashine, na madaktari wamekwisha kueleza kwamba mashine hiyo haimponyi bali inarefusha kufa kwake? Nje watoto wamegawanyika. Binti aliyemuuguza miaka miwili anaomba baba aondolewe mashine, apumzike. Kaka mkubwa, aliyefika jana kutoka mbali, anasema: "Tukikubali, tutakuwa tumemwua baba. Imani yenu iko wapi?" Basi shamba linauzwa. Baada ya siku chache mzee anafariki bila kuagana na mtu, na shamba nalo limekwenda.

Tunathubutu kusema kwamba hiyo inayoitwa imani, mara nyingi siyo imani. Ni hofu, na pengine ni kuogopa maneno ya ukoo, tusije tukaambiwa kwamba hatukuhangaika vya kutosha. Tena tumeona kwamba adaiye mashine kwa sauti kubwa ndiye mara nyingi aliyekuwa hamtembelei mzazi. Deni lake la miaka analilipa kwa mwili wa mzazi huyo huyo.

Kanisa halifundishi hivyo. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi, alieleza kwamba wajibu wetu ni kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, kadiri ya hali ya watu, mahali na wakati, yaani zile zisizomtwika mgonjwa au wengine mzigo mzito kupita kiasi. Katekisimu, namba 2278, inakubali kuacha matibabu yaliyo mzigo mzito, ya hatari, au yasiyolingana na matokeo yanayotazamiwa. Hapo hatukusudii kifo. Tunakubali tu kwamba hatuwezi kukizuia. Na mwenye kuamua ni mgonjwa mwenyewe, akiwa na uwezo. Si mtoto mwenye sauti kubwa.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika Injili ya Uhai mwaka 1995, akaitetea thamani ya uhai wa mwanadamu kuliko wengi wa zama zake. Februari 2005 alilazwa hospitalini mara mbili, akatobolewa koo ili aweze kupumua. Lakini mwisho wa Machi hali ilipozidi kuwa mbaya, hakurudishwa tena hospitalini. Alihudumiwa chumbani mwake, Misa ikaadhimishwa kando ya kitanda chake, akafariki tarehe 2 Aprili. Nani atasema kwamba alikosa imani?

Wengine hutuletea habari za mfalme Hezekia, aliyelia akaongezewa miaka 15. Ni kweli, na sisi tunawaombea wagonjwa wetu muujiza bila haya. Ila wanaomtaja Hezekia wasome na sura inayofuata: Manase, mwanawe mwovu, alitawala akiwa na miaka 12, maana yake alizaliwa ndani ya miaka ile ya nyongeza. Hata Lazaro, baada ya kutoka kaburini, alikuja kufa tena. Mungu akitaka kuponya, hahitaji mashine yetu kuwa sharti.

Lakini asitokee mtu wa kuyapindua maneno haya. Eutanasia, yaani kumwua mgonjwa ili kumwondolea mateso, ni dhambi nzito, iwe kwa sindano au kwa kumnyima anachostahili kwa makusudi. Chakula na maji, kadiri mwili unavyoweza kuvipokea, kugeuzwa kitandani, kusafishwa vidonda, hayo hayaachwi kamwe. Na tunawafahamu waliompa bibi mwenye kiharusi, ambaye angeweza kupata nafuu, lile jibu la "tumwachie Mungu", wakati fedha za mchango wa harusi zilipatikana wiki hiyo hiyo. Huko siyo kumwachia Mungu. Ni kumtupa mtu, kisha kumsingizia Mungu.

Liko na jambo la maumivu. Baadhi yenu mnakataa mgonjwa wa saratani asipewe mofini, eti itamwua, au eti ateseke pamoja na Kristo. Mateso mtu huyatolea mwenyewe, hatumtolei mwingine. Katekisimu, namba 2279, inaruhusu dawa za kutuliza maumivu hata kama zingeweza kufupisha siku, mradi kifo hakikusudiwi. Jirani zetu wa Uganda wametutangulia: Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ya kunywa, na tangu mwaka 2004 sheria ya huko inawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Jumuiya zetu ndogo ndogo huunda kamati ya msiba kwa saa moja, zikakusanya fedha za maturubai na vyakula. Kamati ya dawa ya mgonjwa aliye hai hatujaiona.

Nasi mapadre tunajilaumu. Tumewazoesha kuuita Mpako wa Wagonjwa sakramenti ya kufa, hata mnaogopa padre akionekana mlangoni mgonjwa atakata tamaa. Matokeo yake tunampaka mtu asiyejua kwamba tumefika. Hakupata kuungama, hakupokea Komunyo Takatifu iliyo masurufu ya safari, hakumwambia mkewe neno, kwa sababu watoto walikubaliana kumficha hali yake. Alikufa akidanganywa na watu waliompenda.

Mafuta ya wagonjwa tunayo tayari wakati wote, na mkitugongea saa tisa ya usiku tutaamka. Lakini tungefurahi zaidi mkituita saa tisa ya mchana, mgonjwa akiwa bado anaweza kutusalimu.