Mzinga Hauendi Wenyewe

Kule Mombasa, penye Ngome ya Yesu, umesimamishwa mzinga wa Kijerumani. Ndugu yake yuko Pretoria, na mwingine Jinja. Watalii huipiga picha. Ilitoka katika manowari Königsberg, iliyoangamizwa na Waingereza katika mito ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yote kumi, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, ikawa mizinga ya nchi kavu.

Twauliza: ni nani aliyeivuta? Mzinga wa meli haukuundwa kupita porini. Ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Ndipo Mwafrika akashikishwa kamba, watu kwa mamia, katika matope na mawe. Mmoja ulifika Kahe, chini ya Kilimanjaro, na Wajerumani wenyewe wakauvunja walipokimbia Machi 1916. Mwezi uliofuata majeshi ya Afrika Kusini ya Jenerali van Deventer yaliondoka hapa Arusha, yakateka mlima Lolkisale, yakashuka mpaka Kondoa huku masika yakiifuta njia nyuma yao. Huko, mwezi wa Mei, mizinga ya Königsberg ikawangurumia. Wageni wawili wagombania nchi isiyo yao, mzigo uko begani mwa mwenye nchi!

Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wakadiriwa kufika karibu laki moja, wengi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa kikosi chao, Carrier Corps. Ni wangapi wanunuao nyanya pale wajuao hayo? Mnara wa Askari wa mwaka 1927 wawataja wapagazi kwa maandishi, lakini sanamu yenyewe ni ya mwenye bunduki.

Hapa kwetu, Boma la Wajerumani la mwaka 1900, lililojengwa kwa jasho la Waarusha na Wameru walioshurutishwa, leo ni makumbusho. Twadai ukuta mmoja humo upewe wapagazi. Wao wenyewe wamekwisha kufa, lakini vitukuu wapo, tangu Ngaramtoni mpaka Usa River. Kila tawi la chama liwaulize wazee, liandike jina, ukoo na kijiji, hata likiwa jina moja tu. Habari yenye shaka iandikwe kuwa ina shaka. Barua ziletwe kwa Mhariri. Majina tutayachapa kila juma kadiri yafikavyo.