Dereva wa Mafuta Afunzwe Kwanza

Wananchi wa Kumsenga, na wenzao wote wa Kibondo na Kasulu, hupata petroli na dizeli kwa magari ya mafuta yapandayo vilima vya Uha kutoka mbali. Bila ya magari hayo mashine za kusaga zingenyamaza na wagonjwa wasingefika hospitali. Hatuna ugomvi nayo. Twauliza neno moja tu: je, ayaendeshaye amefunzwa kazi hiyo?

Msiba wa mafuta twaujua. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, Kenya, watu zaidi ya 100 waliteketea. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kongo, jirani zetu, walikufa zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019 msiba ukatufikia sisi wenyewe, Msamvu, Morogoro. Mara zote tatu gari lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, na moto ukawakuta papo hapo.

Wako wasemao kuwa lawama yote ni ya wachotaji. Tamaa ni mbaya, hatukatai. Lakini mtu wa kwanza kuwapo penye ajali ni dereva. Dereva aliyefunzwa hujua kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na moto ulio mbali. Hujua kuwa tangi lililojaa nusu huyumba konani kuliko lililojaa. Hujua kuwa nambari 1203 kwenye kibao cha gari ni petroli, na 1202 ni dizeli. Asiyejua hayo, hata awe hodari wa usukani namna gani, atawaonyaje wananchi wakae mbali?

Leseni ya daraja E humruhusu mtu kuendesha lori. Haimfundishi tabia ya petroli. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina wajibu wa kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Twasema cheti cha kuchukua shehena ya hatari kiwe sharti lisilo na msamaha, na kiulizwe katika kila kizuizi. Tena mafunzo yasingojewe Dar es Salaam, katika chuo cha NIT peke yake. Kijana wa Kumsenga aliyeanza kazi kwa utingo ataipata wapi nauli na karo ya huko? VETA ipo Kigoma: mafunzo na yaletwe huko, na mwenye gari alipe karo, kwani faida ni yake.

Cheti kipatikanacho kwa hongo ni kiberiti mkononi mwa mtoto. Akiuzaye na akinunuaye wote wawili ni adui wa wananchi.