Mizani Nayo Ipimwe

Wazee wa Usukuma waliolima pamba kabla ya Uhuru hawakusahau habari ya mizani. Mkulima alitoka shambani na mzigo wake, akafika kwa mnunuzi, mzigo ukawekwa mizanini, naye mnunuzi akasoma ratili alizopenda kuzisoma. Mkulima alirudi nyumbani na fedha pungufu, wala hakuwa na la kujibu, maana mizani ilikuwa ya mnunuzi, jicho lililoisoma lilikuwa la mnunuzi, na daftari lilikuwa la mnunuzi. Mambo yalianza kugeuka wakulima walipokubaliana kuweka watu wao wenyewe kando ya mizani. Katika juhudi hizo vilipata nguvu vyama vya ushirika vya pamba, hata mwaka 1955 likaundwa lile Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lililoongozwa na Ndugu Paul Bomani.

Twayakumbusha hayo leo kwa sababu imo nchini mwetu mizani ya namna nyingine, ambayo kila mwananchi hupimwa kwayo, tangu mtoto kliniki hata mzee wodini. Mizani hiyo ni karatasi ya maswali aulizwayo mgonjwa. Ni kidude kibanwacho kidoleni ili kujua kama damu ina hewa ya kutosha. Ni mtihani apewao mtoto wa darasa la pili. Ni taarifa nene ya mradi isemayo kwamba mafundisho ya afya yamewafikia wananchi na kufaulu. Kwa mizani hiyo hukatwa mashauri makubwa: nani alazwe na nani arudishwe nyumbani, nani aitwe mgonjwa na nani aitwe mvivu, mradi gani upewe fedha na upi ufungwe. Nasi twauliza swali lile lile la wakulima wa pamba: Mizani yenyewe imepimwa na nani?

Watu wengi hudhani ya kuwa kipimo ni cha kweli maadamu hutoa jibu moja kila kitumiwapo. Sivyo. Pishi iliyoinuliwa kitako hutoa kipimo kile kile asubuhi na jioni, na asubuhi na jioni humpunja mnunuzi. Kwa hiyo la kwanza ni kuuliza: Je, kipimo hiki ni imara, hakigeukigeuki? La pili, lililo zito zaidi: Je, chapima kile kinachodai kupima? Na kwa nchi kama yetu liko la tatu: Je, kilichoonekana kuwa kweli kwa watu wa huko kilikotungwa, ni kweli pia kwa watu wa hapa?

Tuchukue mfano. Huko Marekani ilitungwa karatasi yenye maswali 36 juu ya hali ya afya, ijulikanayo kwa jina la SF-36, nayo ikaenea duniani tangu mwaka 1992. Katika maswali yake ya asili mtu huulizwa kama afya yake inamzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Huulizwa kama aweza kupanda ngazi za ghorofa kadhaa. Tena huulizwa kama amekuwa na moyo wa buluu, maana ndivyo Waingereza wasemavyo mtu akiwa na huzuni. Sasa mtwae mchukuzi wa bandari ya Dar es Salaam, abebaye magunia tangu alfajiri, umwulize habari za gofu. Akijibu kwamba hachezi, je, tumwandike mgonjwa? Mwulize mama wa Rufiji juu ya moyo wa buluu, naye atacheka. Lakini akikuambia, "Moyo wangu mzito, mawazo yamenizidi, mwili wote unaniuma," amekwisha kukueleza habari yake yote, nawe huna mahali pa kuiandika.

Twafurahi kusema ya kuwa jambo hilo halikuachwa hivi hivi. Wataalamu, na miongoni mwao Watanzania, waliigeuza karatasi hiyo kuwa ya Kiswahili, kisha wakaipeleka kwa wakazi wa Dar es Salaam kuijaribu, na matokeo yakatangazwa mwaka 1999. Hawakuridhika na tafsiri nzuri tu. Walitaka kuona kama maswali yaliyokusudiwa kupima jambo moja hujibiwa kwa namna moja, na kama mgonjwa na mzima hutofautiana katika hesabu. Huo ndio uungwana wa kazi. Lakini ni karatasi ngapi nyingine zinazopita katika zahanati na mashule yetu, zilizotafsiriwa usiku mmoja kwa kuwa mgeni alikuwa na haraka ya kurudi kwao?

Asidhani mtu kwamba kosa hili ni la maneno tu, na kwamba mashine haina upendeleo. Kile kidude cha kidoleni hupitisha mwanga katika nyama, na kwa mwanga huo hukadiria hewa iliyomo damuni. Rangi ya ngozi nayo hunywa mwanga. Kidude hiki kilikwisha kutumika hospitalini miaka mingi ndipo, mnamo Desemba 2020, madaktari wa Marekani walipotangaza hesabu ya kusikitisha. Miongoni mwa wagonjwa ambao kidude kilisema wana hewa ya kadiri, asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilipopimwa ilionekana kwamba wagonjwa weusi karibu 12 katika kila 100 walikuwa na upungufu mkubwa uliofichika. Kwa wagonjwa weupe walikuwa karibu 4 katika kila 100. Huo ulikuwa mwaka wa Korona, ambapo tarakimu ya kidude hicho iliamua nani apewe kitanda. Hatusemi kidude kitupwe, kimeokoa wengi. Twasema ya kwamba mwuguzi wa Kiafrika hana budi kuujua udhaifu wake, na kumtazama mgonjwa mwenyewe pamoja na tarakimu.

Wala tusiwatupie wageni lawama zote. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulikuwa na mizani yetu mbovu, nayo ni mazoea. Kila mwenye homa tulimwita mgonjwa wa malaria. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, juu ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipotazamwa kwa uangalifu chini ya darubini, wadudu wa malaria walionekana kwa wagonjwa 46 tu katika kila 100. Na lililo chungu zaidi ni hili: vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa wale wasio na malaria, maana ugonjwa uliokuwa ukiwaua haukuwa ule uliokuwa ukitibiwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Ni wangapi walizikwa kwa jina la malaria kabla ya hapo, wala haikuwa malaria?

Sasa tuje kwenye mafundisho, maana huko ndiko tunakojidanganya kwa urahisi zaidi. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenye mradi akiulizwa kama mradi wake umefaulu, atahesabu semina, atahesabu vitabu na fulana, atahesabu waliohudhuria na waliopiga makofi. Yote hayo yaweza kuwa kweli, na bado asiwe amegusa maisha ya mtu hata mmoja.

Mkoani Mwanza, kuanzia mwaka 1999, ulifanywa mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Jumuiya 20 zilitengwa: 10 zikapata mafundisho ya afya ya uzazi katika shule za msingi pamoja na huduma bora kwa vijana katika vituo vya afya, na 10 zikaachwa kuwa za kulinganisha. Wenye mradi wangeweza kuishia kwenye mtihani wa maarifa, kwa kuwa vijana waliofundishwa walijua zaidi, na wengine walisema kwamba wamebadili mwenendo. Ingekuwa sherehe. Lakini hawakuishia hapo; walipima damu. Nayo damu ikasema ya kwamba maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakupungua kuwa machache kuliko kule kwa wenzao. Vijana walipimwa tena mwaka 2007 na 2008, na jibu la damu halikugeuka.

Wako watakaosema kwamba mradi huo ulikuwa hasara. Sisi twasema ni mmoja wa miradi iliyoitendea nchi hii heshima kubwa, kwa sababu ulithubutu kuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuuaibisha, na jibu lilipokuja haukulificha. Kwa mradi huo tulijifunza ya kuwa kujua si kutenda, na kwamba kijana hafundishwi darasani peke yake, bali hufundishwa pia na mtaa, na umaskini, na wakubwa wanaomzunguka. Laiti wangehesabu makofi, tungaliendelea kudanganyika na kuwazika watoto wetu.

Habari ya mashule ni hiyo hiyo. Mwaka 2013 na 2014 ulifanywa uchunguzi katika shule za msingi 350 za nchi yetu. Baadhi zilipewa fedha za matumizi, baadhi walimu wao waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu, na baadhi zikapata yote mawili. Fedha za shule peke yake hazikuinua masomo ya watoto. Fedha pamoja na bakshishi ya mwalimu ziliyainua. Bila kupima, kila mmoja wetu angebaki akishikilia maoni yake barazani, na mtoto akabaki hajui kusoma.

Wala kupima si jambo geni lililoletwa jana. Katika ile kampeni kubwa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Lakini sifa yake ya kweli haikuwa wingi wa waliosikiliza. Watu waliingia vijijini kabla na baada ya kampeni, wakatazama nyumba kwa nyumba, wakahesabu vyoo vilivyochimbwa. Choo hakijui kumfurahisha mkuu wa mradi. Ama kipo, ama hakipo.

Twasikia wengine wakinong'ona kwamba kupima mizani ni anasa ya matajiri, na kwamba watu wanaumwa, basi tupeleke msaada upesi, mengine yatafuata. Sivyo hata kidogo. Tajiri akikosea dawa atanunua nyingine, na mtoto wake akifundishwa vibaya atamwajiria mwalimu wa nyumbani. Ni mfanyakazi na mkulima asiyeweza kulipa mara mbili. Shilingi yake moja ikitumiwa katika mradi usiofaa, ndiyo shilingi iliyokosekana kununua dawa ifaayo. Kwa hiyo ni maskini hasa apaswaye kudai mizani ya kweli.

Nasi wa gazeti hili hatuwezi kunawa mikono. Mara ngapi tumechapa kwamba semina imefana sana kwa sababu ukumbi ulijaa? Mara ngapi tumeisifu taarifa iliyoandikwa na mwenye mradi mwenyewe, bila kuuliza nani mwingine aliyetazama? Twakiri kwamba tumekuwa wepesi wa kupiga vigelegele na wazito wa kuuliza. Tutajirekebisha.

Lakini gazeti peke yake halitoshi. Twawataka wanachama, kila mmoja mahali pake, wafanye haya. Karatasi yoyote ya maswali itakayoletwa katika zahanati au shule ya kijiji, na iulizwe kwanza ilijaribiwa wapi, kwa lugha gani, na kwa watu wa namna gani. Mradi wowote na utaje tangu siku ya kwanza jambo utakalolibadili na namna litakavyopimwa. Na mpimaji asiwe yule yule mla mshahara wa mradi. Matokeo mabaya yatangazwe kama yatangazwavyo mazuri, wala asiadhibiwe mtumishi kwa kusema kweli iliyo chungu. Kadhalika vyama vya wafanyakazi visikubali mfanyakazi aachishwe kazi au anyimwe fidia kwa kipimo ambacho hakuna awezaye kueleza ukweli wake.

Wakulima wa pamba hawakuwa na shahada za vyuo vikuu. Walijua jambo moja tu: ya kuwa mtu asiyeijua mizani hawezi kujua kama ameibiwa. Walisimama kando yake, wakaisoma kwa macho yao. Mizani ya leo ni ngumu zaidi kusomwa, lakini tunao wauguzi, walimu na wataalamu wetu wenyewe waliosoma kwa jasho la wakulima hao. Na wasimame kando ya mizani.